Kwaya ya Wanane, Risala ya Saba

Niliombwa ukurasa mmoja. Barnaba alinipigia simu kutoka Kibondo wakati niko nyuma ya nyumba yangu hapa Heru Juu, namenya muhogo na mtoto mgongoni, akaniambia Mwalimu Ezra amefariki, matanga yanaanuliwa Jumamosi ya wiki inayofuata, na kamati imeona niandike mimi historia ya kwaya yetu ili isomwe sebuleni kwa marehemu kabla ya chakula. "Wewe Yusta ndiye uliyefika kidato cha nne," alisema, "na mwandiko wako unasomeka." Nililia kwanza, nikaosha mikono, nikaandika. Ukurasa mmoja ukawa minne. Nikaipiga picha, nikamtumia kwa simu ya mume wangu, na jioni Barnaba akarudisha ujumbe wa sauti, kwa besi yake ileile: "Imekaa vizuri sana dada, hongera. Ila fupisha. Na pale uliposema tulikuwa wanane, weka saba. Tusianzishe maneno kwenye msiba wa watu." Weka saba. Kama mtu anayerekebisha idadi ya viti vya kuazima. Nilimsikiliza mara tatu, mtoto akivuta nywele zangu. Mwishowe nikafupisha. Nikatuma ukurasa mmoja wenye saba ndani yake. Haya ninayoandika sasa ndiyo niliyoyakata.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, kisha matokeo yakatoka nikaendelea kusubiri sijui nini. Nilikuwa nakaa Kibondo, katika chumba cha uani kwa Mwalimu Ezra, nikimsaidia mkewe, Mama Upendo, kazi za nyumbani. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, gunia la maharage lililonizidi urefu na dirisha lisilo na kioo lililotazama shamba. Ukilala unanusa maharage makavu, ukiamka unanusa moshi. Chakula cha nyumba ile nakikumbuka kuliko mambo mengi ya maana: ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka mchuzi unakuwa wa rangi ya udongo wa barabarani, na siku ikiwa njema samaki mgebuka mmoja aliyekatwa vipande sita. Mwalimu hakuwa Muha kama sisi. Serikali ilimleta kutoka mkoa mwingine kufundisha hisabati, akazoea, akakaa, na Kiha chake kilikuwa cha kuchekesha hata watoto. Lakini alikuwa na sikio. Mwanafunzi akikosea hesabu alisamehe. Ukikosea nota, usiku huo hulali.

Kwaya yetu ilianza kwa sababu ya mguu. Kulikuwa na bibi mmoja Kitahana aliyeanguka akavunjika nyonga, hawezi tena kwenda kanisani, akaomba kwaya ya kanisa, aliyoiongoza Mwalimu, imfuate. Wakaenda watu arobaini na jenereta na spika mbili kubwa kama makabati. Nyumba ya bibi haikuweza kuwaingiza hata kumi, kwa hiyo wakapanga mistari uani wakaimba saa nzima, na yeye yuko ndani kitandani anaona bati la paa linatetemeka. Walipoingia kumuaga aliwauliza, "Wanangu, mlikuwa mnaimba au mnatwanga?" Waimbaji walicheka. Mwalimu hakucheka. Wiki iliyofuata alirudi na watu saba tu, naye wa nane, wawili kwa kila sauti, bila kinanda, bila ngoma. Walivua viatu mlangoni, wakatoa meza ndogo nje, wakasimama kuzunguka kitanda cha bibi, karibu kiasi kwamba angeweza kuwashika nguo. Mimi sikuwepo siku hiyo, nilisimuliwa; niliingia baadaye, mmoja alipoacha. Wanasema bibi alifumba macho wakadhani amekufa, kumbe anasikiliza.

Basi ikawa desturi. Mtu akitaka kuimbiwa nyumbani kwake, mgonjwa au mzima, mwenye nyumba ya udongo au ya tofali, anatuma habari, na sisi tunakwenda Jumapili mchana. Masharti yalikuwa machache, na Mwalimu aliyashika kama sheria za shule. Unasimama pale mwenye nyumba atakapokusimamisha, hata kama ni nyuma ya mlango. Huulizi nyumba ina shida gani. Na baada ya wimbo wa mwisho, kabla ya kunawa, kila mwimbaji anataja jina lake na kwao. "Huwezi kula ugali wa mtu ambaye hajui wewe ni wa wapi," alikuwa anasema, na Waha wenyewe wakamcheka kwamba mgeni amewazidi kwa Uha. Tulipenda kipande hicho kuliko nyimbo. Mtu anataja kijiji, mwenye nyumba anashtuka: kumbe wewe ni wa kwa fulani! Undugu unatafutwa mpaka unapatikana, na sahani yako inaongezwa mboga.

Goreti alikuja kupalilia. Alikuwa Mrundi wa kambi ya wakimbizi, na kambini hawaruhusiwi kutoka bila kibali, lakini walitoka, kwa njia za miguu, kwa sababu mtu hali kibali. Mama Upendo alimpa matuta ya maharage nyuma ya chumba changu. Mimi ndani najifunza sauti ya pili ya wimbo mpya, nakosea palepale kila mara, nikasikia kutoka shambani sauti ya mwanamke inaimba kile kipande polepole, sawasawa, kama anamwonyesha mtoto njia ya kisimani. Nikachungulia dirishani. Hakuacha hata kuinua jembe. "Dada, hapo unashuka," alisema kwa Kirundi, ambacho kwa sisi Waha ni kama lugha yetu iliyovaa nguo za sikukuu. "Unaogopa kushuka. Shuka tu, chini kuna mahali pa kukanyaga." Mwalimu alikuwa sebuleni anasahihisha madaftari. Alitoka na kalamu nyekundu mkononi, akasimama ukingoni mwa shamba, akasema, "Rudia." Wiki ile mwenzangu wa sauti ya pili alikuwa ameolewa akahamia Kakonko. Goreti akawa wa nane.

Nataka niseme wazi kitu ambacho hata kwenye kurasa zile nne sikukisema. Mimi sikuwa mwimbaji. Nilikuwa nimesimama karibu na mwimbaji. Nikiwa bega kwa bega na Goreti niliimba kama nimezaliwa nayo, na akitoka kunywa maji nilipotea. Alijua. Kabla ya kila wimbo alikuwa akinigusa kiwiko, hivi, kwa mgongo wa kidole, ndipo naingia. Alikuwa na miaka labda mitatu zaidi yangu na mtoto wa kike aitwaye Bella, mchanga, ambaye alimwacha na jirani kwenye hema kila anapotoka, maana kutembea njia zile na mtoto anayelia ni kujitangaza. Nilikuwa najua habari za huyo mtoto kama unavyojua kwamba mtu fulani ana baiskeli. Sikumuuliza hata siku moja anakula nini mama akiwa kwetu anaimba.

Mwanzoni tulijiuliza tufanyeje kwenye kujitambulisha. Barnaba ndiye aliyepata jibu. Barnaba ni wa Mabamba kweli, huko mpakani ambako ukipiga chafya unajibiwa kutoka Burundi. "Aseme Mabamba," alisema. "Nani atabisha? Nitasema ni dada yangu." Kwa hiyo ikawa hivyo. Goreti, wa Mabamba. Wenye nyumba walikuwa wanajua. Kila mtu alikuwa anajua, nani hamjui mtu aliyepalilia kwake? Wakaufanya utani. "Mabamba ipi mama, hiyo yenye mahema?" Na Barnaba anapiga kifua: "Msinichokozee dada! Huyu ni mtoto wa baba mdogo, tumenyonya ziwa moja!" "Muongo, wewe ulinyonya la ng'ombe!" Watu wanaanguka kwa kicheko, Goreti mwenyewe anacheka akifunika mdomo kwa kitenge, na sahani yake inaongezwa mboga kama za wengine. Nyumba baada ya nyumba. Nilikuwa naona ni jambo zuri sana tulilolifanya, kumpa mtu kwao.

Nyumba moja nitaitaja kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Alikuwepo mwenye duka mjini, Mwislamu, watu wake wa pwani, mkewe kijana amefiwa na mtoto wa siku nne. Aliagiza tuje, lakini akasema taratibu, kwa adabu, kwamba nyimbo za kanisani hapana. Mwalimu akamgeukia Goreti. Goreti akatufundisha bembelezo la watoto la kwao, lenye maneno matano tu yanayozunguka, na Mwalimu akalipanga sauti nne kwa siku tatu. Tuliimba tukiwa tumekaa chini kwenye mkeka, maana yule mama alikuwa amekaa chini. Chumba kilikuwa na pazia la kijani na harufu ya udi, na saa ya ukutani ambayo mtu alikuwa ameitoa betri. Hakuna aliyelia. Yule mama alishika ukingo wa kanga ya Goreti akaushikilia mpaka mwisho, na alipomwachia, kanga ilikuwa imekunjamana pale kama imepigwa fundo. Tulipewa kahawa chungu na kashata. Tukataja majina. Habari za bembelezo lile zikatembea mji mzima, zikafika mpaka kwa bwana mmoja wa ofisini, aliyekuwa na nyumba ya vigae na wageni kutoka makao makuu ya mkoa.

Goreti hakutaka kwenda. Tulikuwa jikoni kwa Mama Upendo tunachambua dagaa. "Nyumba ile haina mtu niliyempalilia," alisema. "Hawanijui." Mwalimu alimsikia kutoka barazani, akaendelea na madaftari yake, nikaelewa: hatamlazimisha. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Nilimshika mkono wenye magamba ya dagaa nikamwambia, "Goreti, usiponishika kiwiko nitaharibu mbele ya watu wakubwa. Nitaaibika mimi." Sikumwambia wimbo utaharibika. Nilisema nitaaibika mimi. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi. Lakini tusichelewe, mdogo wangu."

Sebule ya bwana yule ingeweza kuingiza nyumba tatu tulizoimba. Sakafu ya marumaru, televisheni kubwa yenye mpira lakini wameifunga sauti, makochi ya kahawia yenye vitambaa vya kufuma mgongoni, na jikoni pilau inanukia mpaka mate yananijaa mdomoni katikati ya wimbo wa kwanza. Walitusimamisha kati ya kabati la vyombo na mlango. Tuliimba nyimbo nne tulizopanga. Wakapiga makofi wakaomba bembelezo. Tukaimba. Wakaomba tena, mmoja arekodi. Tukaimba tena. Mke wa mwenye nyumba akaomba na mwingine, wa kanisani, alioupenda marehemu mama yake. Nilimsikia Goreti pembeni yangu akivuta pumzi kwa meno. Nikamtupia jicho. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, madoa mawili yanapanuka, naye anavuta kitenge kuyafunika. Nilidhani ni jasho. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimefanya mtihani wa baiolojia, na nilidhani ni jasho. Leo nikichelewa sokoni nusu saa tu, maziwa yangu yananiwasha kama moto na nguo inalowa hivyohivyo, na kila inapolowa nasimama palepale kati ya watu na nyanya zao na nataka kupiga kelele.

Halafu tukajitambulisha. Hakuna aliyefikiri tusijitambulishe. Ndilo kosa letu, na nadhani ni kosa ambalo watu wengine wasingeweza kulifanya: tulikuwa tumeisema ile "Mabamba" mara nyingi hivi, kwa kicheko kingi hivi, mpaka tukasahau kwamba ni uongo. Tukaanza kushoto. Majina, vijiji. Barnaba, wa Mabamba. Mimi, wa Heru Juu. Goreti, wa Mabamba. Akanyamaza kidogo, kama tulivyozoea, kuacha nafasi ya utani. Utani haukuja. Mgeni mmoja, mtu mpole, miwani, kijiko cha chai mkononi, akasema, "Mabamba nimefanya kazi mwaka jana. Mabamba kwa nani?"

Goreti akamgeukia Barnaba. Sisi sote tukamgeukia Barnaba. Maneno aliyotakiwa kusema alikuwa ameyasema kwenye nyumba kumi na zaidi akipiga kifua: ni dada yangu, mtoto wa baba mdogo. Barnaba aliinua macho akatazama dari. Ilikuwa dari nzuri, ya mbao nyeupe. Aliitazama kama anahesabu misumari. Na Mwalimu alifungua mdomo ukabaki wazi. Na mimi, ambaye bega langu liligusa bega la Goreti, ambaye ningeweza kusema lolote, kwamba ni wa kwetu, kwamba anakaa na mimi, kwamba tuondoke, nilisubiri aniguse kiwiko. Kweli kabisa. Nilisubiri anishike kiwiko ndipo niingie.

Mgeni hakupaza sauti. Aliuliza jina la mwenyekiti wa kijiji, Goreti hakujua, akauliza kama ana kitambulisho, hakuwa nacho. "Basi wewe mama utasubiri kidogo hapo nje," alisema, akatoka na simu yake. Mwenye nyumba akasema, "Aisee, taratibu ni taratibu," hatujui alikuwa anamwambia nani. Na mkewe akatokea mlango wa jikoni, hajui kilichopita au anajua, akasema, "Karibuni chakula, jamani. Kitapoa."

Tukala. Watu saba, tukanawa mikono kwenye beseni lililopitishwa, tukakaa tukala pilau ya kuku. Nilipewa paja. Nakumbuka lilikuwa tamu, na hilo sijawahi kupata pa kulipeleka. Nusu ya sahani nikainuka nikampelekea Goreti yake. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, ndala zake amezipakata. Hakuigusa sahani. "Bella ananyonya saa kumi," alisema. Nilimwambia watamrudisha kambini tu, usiwe na wasiwasi, ni kuandikwa jina tu. Akasema tena, kama sikusikia, "Saa kumi, Yusta." Gari lilikuja. Alipanda mwenyewe. Alisahau ndala moja kwenye ngazi, nikaiokota nikakimbia nayo mpaka getini, na walikuwa wamekwisha pinda kona.

Kesho yake nilitembea mpaka lango la kambi na ile ndala kwenye mfuko wa plastiki. Mlinzi aliniuliza kibali cha kuingia. Nikamwambia kuna mtoto mchanga. Akasema, "Dada, humu kuna watoto wachanga wangapi?" Hakusema kwa ubaya. Mwalimu alikwenda ofisini siku tatu mfululizo akakaa kwenye benchi na barua aliyoiandika vizuri, akaambiwa njoo kesho, njoo Jumatatu, anayehusika yuko safari. Baadaye mpalizi mmoja alituambia Goreti amepandishwa basi la wanaorudi Burundi na mtoto wake. Mwingine akasema hapana, jirani ndiye aliyerudi na mtoto, mama bado alikuwa mahabusu. Wa tatu akasema hakuna Goreti. Nimeishi na habari zote tatu, nimezichoka zote. Mwalimu hakutuita tena kwenye mazoezi. Hakutangaza, hakueleza. Meza ndogo ikarudi katikati ya sebule na madaftari juu yake. Mwezi wa kumi na moja nilirudi Heru Juu.

Jumamosi ya matanga nilikwenda. Basi kutoka Kasulu, mtoto mapajani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Sebule ya Mama Upendo ni ileile, ila kuna picha ya Mwalimu kwenye kabati, na mtu alikuwa ametoa ile meza ndogo nje bila kuambiwa. Barnaba mwenyewe alisoma ukurasa wangu, kwa sauti nzuri. Kwaya ilikuwa na watu saba, alisoma. Kwaya ilisimama kutokana na majukumu mbalimbali ya waimbaji, alisoma, na hayo majukumu mimi sikuyaandika, aliyaongeza yeye. Kisha tukasimama sita tuliobaki tukaimba. Sauti ya pili nilikuwa peke yangu. Pale pa kushuka nikashuka, na chini hapakuwa na mahali pa kukanyaga.

Tukajitambulisha, kwa heshima ya marehemu. Barnaba, wa Mabamba. Ikanifikia. Mtoto akaacha ziwa akanitazama. Nikasema, "Naitwa Yusta, wa Heru Juu. Na hapa kulia kwangu alikuwa anasimama Goreti. Alisema ni wa Mabamba kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha aseme hivyo."

Nilisikia kuku uani. Barnaba aliinua macho akatazama dari, na dari ya Mama Upendo ni mabati matupu. Nilisubiri mtu mmoja aseme neno moja. Hata la kunitukana. Mama Upendo alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho yamevimba kwa siku nyingi, akanitazama kwa muda mrefu, akatazama picha ya mumewe, akainuka akishika magoti.

"Karibuni chakula, jamani," alisema. "Kitapoa."

Beseni likapitishwa. Mtoto wangu alikuwa na njaa, na mimi, tangu asubuhi, sikuwa nimekula kitu. Nikanawa mikono.